Mashine Peke Yake Haitoshi

(Maneno ya ofisi ya miradi kwa kamati za sharika na wafadhili)

Tunapoombwa mashine ya ruta ya kuchimbia mbao, kwa vijana wanaojifunza kutengeneza magitaa, tuulize pia: itashikiliwa na nini?

Ukingo wa gitaa huchimbwa mfereji mwembamba, upana wa milimita 2 hivi na kimo cha milimita 6. Humo hupachikwa ukanda wa mbao ngumu, unaofunika maungio na kuzuia kingo zisipasuke zikigongwa. Lakini uso na mgongo wa gitaa mara nyingi vimebinuka kidogo. Ruta ikilazwa juu yake huinama, na mfereji huenda mshazari. Kazi ya majuma mengi huharibika kwa dakika moja.

Dawa yake fundi hujitengenezea mwenyewe: nguzo ya plaiwudi, reli mbili za droo, na fremu ya kushikilia gitaa ili pande zake zisimame wima. Ruta hupanda na kushuka kwenye reli bila kuinama. Kipete cha mbao chini yake hupima kimo; beringi hufuata ubavu na kupima upana.

Basi, tukichangia mashine, tuongeze plaiwudi, reli na mabaki ya mbao ya kujaribia kwanza.