Nchi Jirani: Wenye Mamlaka Mbele ya Mizani ya Sheria



Tarehe 26 Juni mwaka 2019, katika nchi jirani ya Kenya, baraza la taifa linalosikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni iliyokuwa imetolewa na mamlaka ya Serikali mwaka 2016. Leseni hiyo iliruhusu kujengwa kituo cha kufua umeme kwa makaa ya mawe huko Lamu, chenye uwezo wa megawati 1,050. Waliokata rufaa hawakuwa watu wenye fedha wala vyeo. Walikuwa wakazi wa Lamu, waliohofia bahari yao, mikoko yao na hewa wanayovuta watoto wao. Mwenye mradi naye alikata rufaa, na mwezi Oktoba mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Malindi ikaithibitisha hukumu ile.

Ni vema tuelewe kilichoamuliwa na kisichoamuliwa. Baraza halikusema kwamba Kenya haihitaji umeme. Halikujitwalia kazi ya Serikali ya kupanga maendeleo. Liliuliza swali moja tu: je, njia iliyowekwa na sheria ilifuatwa? Likaona haikufuatwa. Mikutano iliyofanyika kabla ya uchunguzi wa athari za mradi haikuweza kuchukua nafasi ya kuwaeleza wananchi matokeo ya uchunguzi huo na kuwasikiliza. Tena sheria ya mwaka 2016 kuhusu mabadiliko ya tabia nchi haikuzingatiwa. Mwenye mradi akaambiwa kwamba, akiutaka bado, aanze upya kufanya tathmini.

Huo ndio msingi wa mahakama kupitia maamuzi ya Serikali. Hakimu hachori ramani ya kituo wala hagawi bajeti. Huuliza kama ofisa aliyeamua alikuwa na madaraka hayo kisheria, kama aliwasikiliza watakaoumia, na kama uamuzi wake una maana. Kwa askari maswali haya si mageni. Amri isiyo halali haiwi halali kwa sababu tu aliyeitoa ana nyota nyingi begani.

Mlango huu haukuwa wazi siku zote. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu mjini Nairobi kupinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru. Shauri lake lilitupwa. Mahakama ilisema kwamba hana haki ya kushtaki kwa niaba ya umma, na kwamba mwenye haki hiyo ni Mwanasheria Mkuu peke yake. Kwa maneno mengine, mwenye nguvu mpishe.

Je, mgogoro unaofungiwa mlango wa mahakama huenda wapi? Huenda barabarani na msituni. Mwezi Januari mwaka 1999 Profesa Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, uliokuwa umegawiwa kwa ajili ya majengo. Walishambuliwa na walinzi wa kukodiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ndiyo iliyoanza kuufungua mlango ule, na Katiba ya mwaka 2010 ikaupanua. Leo Mkenya hana haja ya kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amedhurika ili asikilizwe.

Ndugu askari, hapa ndipo jambo hili linapowagusa ninyi. Askari polisi hakutia sahihi leseni. Hakupima kiwanja wala hakupokea hisa. Lakini wananchi wakikosa mahali pa kupeleka malalamiko yao, yeye ndiye anayewekwa mbele ya uzio, kirungu mkononi, akitazamana na mama mwenye mche wa mti. Anabebeshwa lawama ya uamuzi wa mtu aliyekaa ofisini. Mahakama iliyo wazi humwondolea mzigo huo.

Wapo wanaosema kwamba mashauri haya huchelewesha maendeleo. Kweli, yanachelewesha. Lakini kutouliza nako kuna gharama yake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliagiza wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya iliyovuruga uvuvi wao. Kusikiliza mapema kungekuwa rahisi zaidi.

Wala tusitazame mambo haya kama ya jirani peke yake, tusije tukaambiwa mkuki kwa nguruwe mtamu. Mwezi Juni mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki, hapa kwetu Arusha, iliizuia Serikali ya Tanzania kujenga barabara ya lami kupita kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti. Aliyeshtaki alikuwa shirika la kutetea wanyama kutoka Kenya. Serikali yetu ilijitetea, ikakata rufaa, na shauri likaamuliwa kwa hoja za mawakili.

Hukumu ikishatolewa, wajibu wa askari ni mmoja kwa pande zote. Mwananchi aliyeshindwa atii. Na mkandarasi anayeendelea kuchimba usiku wakati mahakama imesimamisha kazi, huyo ndiye mvunja sheria, hata kama gari lake lina kibali chenye mhuri. Askari anayelijua hilo hatamkamata mwanakijiji anayemwonyesha hati ya mahakama. Ataisoma hati hiyo, kisha ataisimamisha mitambo.