Mshindi ana nini: kipaji au dawa?



Mtu akishinda mara moja hupigiwa makofi. Akishinda mara tatu mfululizo, wenzake huanza kunong'onezana. Hapa kwetu kijana akitamba katika mbio za baiskeli, haichukui muda utasikia watu wakiulizana ametoka kwa mganga gani. Kule Ulaya, kwenye mbio za kulipwa, swali ni hilo hilo, ila mganga wao ni daktari na hirizi yake ni sindano. Wiki hii tulitazame swali hilo: bingwa wa baiskeli hushinda kwa kipaji au kwa dawa?

Sisi wa Simiyu swali hili si geni kwetu. Masimulizi ya Usukumani yanatueleza habari za Ngika na Gumha, mafundi wawili wa ngoma na wa dawa, waliobishana nani ana dawa kali zaidi. Wakaamua kushindanisha ngoma zao, na mwenye kuvuta watazamaji wengi awe ndiye mshindi. Huko ndiko walikotoka Wagika na Wagalu. Wakati wa tamasha la Simiyu Jambo Festival mwaka 2018, Bariadi ilipata vyote viwili: ngoma za Wagika na Wagalu, na mbio za baiskeli. Katika ngoma, dawa ni sehemu ya mchezo, kila upande unayo, na mtazamaji analijua hilo. Hakuna aliyedanganywa.

Katika baiskeli mambo ni tofauti. Dawa huko hutumiwa kwa siri, na yenyewe haiishii katika imani tu. Huingia katika damu. Chukua ile inayoitwa EPO. Figo za binadamu hutengeneza kichocheo kinachouamuru mwili kuzalisha chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Mwendesha baiskeli akijidunga kichocheo hicho, chembe huongezeka, naye hupanda mlima wakati wenzake wamekwisha pumzi. Lakini damu nayo huwa nzito, na moyo hupata taabu kuisukuma. Kabla ya EPO kulikuwa na vidonge vya kuondoa uchovu. Mwaka 1967 Mwingereza Tom Simpson alianguka na kufariki katika mlima wa Mont Ventoux, Ufaransa, akiwa katika mashindano ya Tour de France, na mwilini mwake zilikutwa dawa za aina hiyo.

Sasa tumtazame Lance Armstrong wa Marekani. Alishinda Tour de France mara 7 mfululizo, kuanzia mwaka 1999 hadi 2005. Mwaka 2012 alinyang'anywa ushindi wote huo, na Januari 2013 alikiri katika televisheni kwamba alitumia EPO na kuongezewa damu. Je, mtu huyu hakuwa na kipaji? Alikuwa nacho. Mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka 21, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za barabarani. Na katika miaka yake ya kutamba wapinzani wake wengi nao walitumia dawa, lakini si wote walioshinda mara 7.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni kwamba dawa haimgeuzi punda kuwa farasi. Humwongezea mbio aliye farasi tayari. Ubaya wake ni kwamba farasi wawili wakikimbia, mmoja amedungwa na mwingine hakudungwa, hatutajua kamwe nani alikuwa na mbio zaidi.

Jibu la pili linatuhusu sisi Waafrika ya Mashariki. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985 kwa wazazi wenye asili ya Uingereza, akajifunza mbio kwa Mkenya David Kinjah kule Kikuyu. Alishinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2015, akiwa amevaa jezi ya njano, mtazamaji mmoja alimrushia mkojo barabarani huku akimwita mtumia dawa. Baadaye mwaka huo Froome alipimwa maabara mjini London, na matokeo yakalinganishwa na ya mwaka 2007, alipopimwa Uswisi kabla hajajulikana. Nguvu aliyoweza kuihimili kwa muda mrefu ilikuwa wati 420 mwaka 2007 na wati 419 mwaka 2015. Kilichobadilika ni uzito, kutoka kilo 75.6 hadi 69.9. Mwenye kubeba magunia ya pamba kwa baiskeli ataelewa upesi: injini ni ile ile, mzigo umepungua. Yeye mwenyewe alisema pia kwamba kichocho, ambacho sisi wa Kanda ya Ziwa tunakijua vizuri, kilimdhoofisha kwa muda mrefu.

Vipimo hivyo havikumaliza maneno. Septemba 2017 dawa yake ya pumu ilionekana kuzidi kiwango, na Julai 2018 akaondolewa tuhuma. Ila jambo moja liko wazi. Mkojo ule ulimpata Froome, lakini deni lilikuwa la Armstrong. Mdanganyifu huiba zawadi ya leo, kisha huiba na heshima ya mshindi wa kesho.

Kesho hiyo yaweza kuwa ya kijana wa Bariadi. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Mlango umesogea karibu. Vijana wetu wa kike na wa kiume wanakanyaga baiskeli nzito za Phoenix, miguu ipo. Siku mmoja wao atakaposhinda mbali na nyumbani, ataulizwa: huyu katoka wapi ghafla?

Jibu lake liandaliwe sasa. Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA, na waandaaji wa mbio zetu watunze kumbukumbu za muda wa kila kijana, uzito wake na umri wake, mwaka hadi mwaka, kama vile cheti cha Uswisi kilivyotunzwa. Walimu wa baiskeli nao wawaambie vijana sheria ya michezo ilivyo kali: kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama ulipewa kwenye chupa isiyo na jina, na hata kama aliyekupa alisema ni miti shamba tu.

Mganga wa ngoma akikosea dawa, watazamaji huhamia upande wa pili, na msimu ujao utarudi uwanjani. Katika baiskeli, chupa moja yaweza kuyafuta mavuno ya miaka kumi.