Msaada wa Fedha wenye Masharti

Tuutazame Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozinduliwa na TASAF mwaka 2012 baada ya majaribio yaliyoanza 2010 katika Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Kaya ilipewa fedha, aghalabu mkononi mwa mama, kwa sharti la kuwapeleka watoto shuleni na kliniki. Katika majaribio hayo kaya nyingi zaidi zilijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii, zikawanunulia watoto viatu, zikafuga kuku. Wako wapi basi wanaodai kuwa maskini akipewa fedha huinywea pombe?

Lakini asiyetimiza sharti alikatwa fedha. Zahanati ikiwa mbali, mama huyo amekosa nini? Twaona mwenye kuweka sharti aanze kwa kuisogeza zahanati.