Popo wa Mashambani Mwetu: Hotuba ya Katibu katika Sherehe ya Mwaka wa Kumi


Tumeagizwa tuseme juu ya mazao, nasi tutasema juu ya popo. Atakaye kucheka na acheke, maana sisi wenyewe tulicheka hapo awali.

Mwakumbuka ya kuwa ofisi yetu ililipa fedha za chama ili popo waliokaa darini mwa ghala wafukizwe moshi. Walikufa wengi. Hakuna aliyeuliza walikuwa popo wa namna gani, wala walikula nini. Fedha hizo zimo katika daftari la matumizi, na kosa ni letu.

Popo si wa namna moja. Wako walao matunda, na wenye miembe mwawajua. Wako na wadogo walao nondo, mbu na kunguni wa mimea. Hawa wadogo huwinda gizani kwa sauti: hutoa mlio, kisha husikiliza mwangwi urudio kutoka kwa mdudu. Sikio la mtu halisikii sauti ipitayo mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na milio mingi ya popo hupita hapo. Ndiyo sababu twadhani wako kimya. Mwaka 1938, huko Marekani, Donald Griffin na Profesa George Pierce waliinasa milio hiyo kwa mashine. Siku hizi chombo cha kazi hiyo chaenea kiganjani. Hufungwa mtini jioni, kikanasa milio hata alfajiri. Na kwa kuwa namna nyingi za popo hutofautiana kwa mlio, mtaalamu aweza kuonyesha katika ramani ni wapi wanapita na ni saa ngapi.

Wakulima wa makadamia wa Levubu, jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, wamekwisha faidi elimu hii. Watafiti walitega vyombo mashambani mwao, wakaona popo wakizidi kupita katika miezi ya kunguni wengi. Kisha walichunguza kinyesi cha popo, wakakuta humo mabaki ya kunguni wale wale waharibuo makadamia. Tena, msitu wa asili uliobaki kando ya mashamba ulionekana kuwa na maana kubwa kwa popo hao.

Lakini tusidanganyane. Chombo hakihesabu vichwa: popo mmoja akipita mara kumi, na popo kumi wakipita mara moja, kwacho ni mamoja. Wala hakitufai kwa popo wengi walao matunda, kwani hao hutegemea macho na pua. Mwenye miembe ana haki ya kulalamika, na shauri lake litafutiwe dawa yake.

Mbele ya mkutano huu liko shauri la kukata miti ya kando ya mto ili kupanua mashamba. Twaomba lingoje. Tukubalieni tuazime vyombo, tuvitege mtoni, ghalani na katikati ya mashamba, masika na kiangazi, kisha ramani ibandikwe ofisini kila mwanachama aione kabla ya kura. Na kwa sasa moshi ukome. Watoto nao wakataziwe kushika popo kwa mikono, kwani popo aweza kuwa na maradhi.

Wenye kujitolea kulinda vyombo usiku waandikishe majina kwa karani kabla hatujaondoka hapa.