Duka la Chama Ndani ya Simu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Tarehe 21 Desemba, 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, walifungua duka katika sehemu ya chini ya ghala la kukodi. Mtaji wao ulikuwa paundi 28. Bidhaa zao zilikuwa chache mno: unga, siagi, sukari, mishumaa. Hata hivyo wanaushirika wa dunia nzima hulitaja duka hilo kuwa asili yao. Halikusifika kwa ukubwa wala kwa bei ndogo. Lilisifika kwa bidhaa safi isiyochanganywa, kwa kipimo sahihi, na kwa kukataa mikopo, kila senti ikiandikwa kitabuni.

Duka linalozungumziwa hapa halina mlango wala rafu. Limo ndani ya simu ya mkononi, na mteja hubisha hodi kwa ujumbe. Kwa programu ya WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018, mwenye biashara ndogo aweza kupanga bidhaa zake kwa picha na bei, akapokea maagizo kutoka mbali, bila kuilipia programu yenyewe. Vyama navyo vyaweza kuitumia kuuza asali, mchele, kahawa iliyokaangwa na mafuta ya alizeti. Ni jambo jema, kwa maana humsogeza mzalishaji karibu na mlaji, na mlanguzi hupungukiwa nafasi katikati. Lakini duka hili lina hatari moja ambayo duka la matofali halina. Laweza kuondoka likiwa mfukoni mwa mtu mmoja.

YALIYOKIPATA CHAMA KIMOJA

Chama kimoja cha wafugaji nyuki, ambacho hakuna haja ya kukitaja jina, kilikuwa na karani kijana, hodari na mwaminifu. Kwa miaka mingi asali ya wanachama ilinunuliwa na walanguzi waliofika na lori na kutaja bei yao wenyewe. Kijana huyo akaanza kupiga picha za asali na kuzituma kwa watu aliowafahamu Dar es Salaam. Alitumia simu yake, laini yake na bando lake. Maagizo yakaja, kwanza chupa mbili tatu, kisha katoni, kisha madumu. Bodi ikafurahi. Mkutano Mkuu ukampigia makofi. Hakuna aliyeuliza fedha zilipitia wapi, kwa kuwa zilikuwa zikifika.

Katika mwaka wa pili kijana alipata kazi mjini. Akaaga kwa heshima, akakabidhi funguo za stoo, daftari la mapokezi ya asali na muhuri. Laini ya simu hakuikabidhi, wala hakuna aliyeiulizia, maana ilikuwa yake na imesajiliwa kwa alama za vidole vyake. Wateja wote wakaondoka naye. Walipoendelea kumwandikia, alitafuta asali kwingine akawauzia. Hakuvunja kanuni yoyote ya chama, kwa sababu kanuni juu ya jambo hilo haikuwepo.

Kisha akatokea mteja aliyekuwa amelipia madumu mawili kabla ya makabidhiano. Alisafiri mpaka ofisini kudai mali yake. Katika vitabu vya chama jina lake halikuonekana. Karani alipopigiwa simu hakukana, lakini naye hakuweza kueleza fedha zile zilikuwa zipi, kwa kuwa zilichanganyika na mshahara wake katika akaunti moja ya simu. Chama kililipa.

Katika Mkutano Mkuu uliofuata alisimama mama mmoja mzee, mwenye mizinga yake tangu enzi za marehemu mumewe. Akauliza: “Mwanangu Katibu, lile duka mlilotuambia tunalo, lilikuwa la nani?”

“Lilikuwa la chama, mama,” Katibu akajibu.

“La chama. Na funguo zake alikuwa nazo nani?”

Katibu aliinamisha kichwa. Katika swali hilo ndimo lilimo fundisho lote.

MAMBO YA KUTENGENEZA KABLA YA KUUZA CHUPA YA KWANZA

(a) Uamuzi. Bodi iamue katika kikao, na muhtasari uandikwe: bidhaa zipi zitauzwa, nani atakuwa muuzaji, nani atamkagua, na ni kiasi gani cha fedha kitatumika. Duka lililoanzishwa kwa mazungumzo ya barazani huwa la yule aliyelianzisha.

(b) Laini na simu. Laini isajiliwe kwa jina la chama, kwa kutumia cheti cha chama cha kuandikishwa, na simu iingizwe katika daftari la mali. Namba moja hutumika kwa akaunti moja tu ya WhatsApp, hivyo namba ya mtu binafsi isitumiwe hata kwa siku moja ya majaribio. Aidha laini isiachwe bila kutumika, kwa sababu namba iliyolala muda mrefu yaweza kufungwa na kampuni ya simu na baadaye kupewa mtu mwingine.

(c) Namba ya siri. Programu ina uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya tarakimu sita iwekwayo na mwenye akaunti. Iwekwe siku ya kwanza, kisha iandikwe, itiwe ndani ya bahasha iliyofungwa kwa muhuri, na kuhifadhiwe katika kasiki. Barua pepe ya kuirejeshea akaunti iwe ya chama. Ikifika namba nyingine ya tarakimu sita kwa ujumbe wa simu bila kuombwa, asipewe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni ofisa. Aombaye namba hiyo anataka kuiteka akaunti.

(d) Macho mawili. Programu huruhusu vifaa vingine hadi vinne kuunganishwa na simu ya duka. Kompyuta ya ofisi iunganishwe, ili Katibu aone yale yanayoandikwa na muuzaji. Mtu anapoacha kazi, kifaa chake kiondolewe siku hiyo hiyo.

(e) Utambulisho. Jina kamili la chama, mahali kilipo, saa za kazi na maelezo mafupi yajazwe katika sehemu yake. Mteja wa mbali hawezi kuja kuona jengo, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 humtaka auzaye kwa njia hii ajitambulishe na kueleza bidhaa na bei yake waziwazi.

(f) Orodha ya bidhaa. Orodha hupokea bidhaa hadi 500, lakini kwa chama kidogo tano au sita zatosha. Kila moja iwe na picha yake halisi, kipimo, bei na namba ya bidhaa. Picha ya kuazima kutoka kwa mtu mwingine ni uongo wa kwanza wa duka.

KIPIMO NA UKWELI WA BIDHAA

Magomvi mengi ya asali huanzia kwenye kipimo. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4. Mteja aliyezoea kununua kwa lita akiletewa kilo moja huona amepunjwa. Chama kilichonunua kwa kilo kikiuza kwa lita bila hesabu hujipunja chenyewe. Kwa hiyo kila picha iandikwe kipimo kimoja, na kipimo hicho hicho kitajwe katika jibu na katika stakabadhi.

Jambo la pili ni asali kuganda. Asali safi huweza kuganda, hasa wakati wa baridi, na mteja wa mjini hudhani imetiwa sukari. Jibu lake liandikwe mapema na kuhifadhiwa katika majibu ya haraka ya programu: kuganda ni tabia ya asali yenyewe, na chupa ikiwekwa katika maji ya uvuguvugu hulainika, isichemshwe. Jibu likiwa moja kwa wateja wote, chama hakitapingana na maneno yake.

HESABU YA CHUPA MOJA

Uchukuliwe mfano wa chupa ya nusu kilo. Mwanachama amelipwa shilingi 7,000 kwa kilo, hivyo asali ni shilingi 3,500. Chupa na kifuniko 600, lebo 200, kuchuja na kujaza 500, bando na matumizi ya simu 200. Jumla ni shilingi 5,000. Ikiuzwa 6,500, ziada ni 1,500, na katoni ya chupa 12 huleta 18,000.

Sasa katoni ipelekwe stendi, ipakiwe vibaya, na chupa mbili zivunjike njiani. Kuzifidia ni shilingi 10,000, nauli ya mzigo wa pili haijahesabiwa. Zaidi ya nusu ya ziada imemwagika sakafuni mwa basi. Kwa sababu hiyo nauli italipwa na nani, na chupa ikivunjika hasara ni ya nani, ni maneno ya kumwandikia mteja kabla hajalipa. Mzigo upigwe picha kabla ya kufungwa, na namba ya basi na ya tiketi ya mzigo vitumwe kwa mteja siku ile ile.

FEDHA

Malipo yote yapite katika namba ya kulipia iliyosajiliwa kwa jina la chama. Mteja anapolipa huona jina hilo kabla ya kuthibitisha, na akiona jina la mtu binafsi ana haki ya kusita. Fedha zihamishiwe benki kwa siku zilizopangwa, wala zisitumiwe kununulia mafuta ya pikipiki zikiwa njiani.

Muuzaji asitoe mzigo kwa kuonyeshwa picha ya malipo wala ujumbe uliotumwa na mteja. Vitu hivyo hughushiwa kwa urahisi. Aangalie mwenyewe salio na taarifa ya akaunti ya chama, aone kiasi, saa na namba ya muamala, ndipo aandike stakabadhi. Na kama walivyofanya wale wa Rochdale, asikopeshe.

Programu ina lebo za kutofautisha maagizo: agizo jipya, malipo yanasubiriwa, limelipwa, limekamilika. Zinasaidia sana, lakini si kitabu. Kila agizo liingizwe katika daftari la maagizo siku ile ile: tarehe, jina la mteja na namba yake, bidhaa na kiasi, bei, namba ya muamala, namba ya stakabadhi, tarehe ya kupelekwa. Mwisho wa juma Katibu alinganishe vitu vitatu: daftari, taarifa ya akaunti, na chupa zilizobaki stoo. Vikipatana, atie sahihi. Visipopatana, sababu itafutwe kabla ya kuuza tena.

Namba za wateja ni amana. Zisiuzwe wala zisigawiwe, na mteja asiingizwe katika kundi ambamo wageni wataiona namba yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yavihusu vyama pia. Matangazo yatumwe kwa orodha ya matangazo, ambayo huwafikia wale tu waliohifadhi namba ya duka katika simu zao.

FUNDISHO LA ZAMANI

Wanachama wenye umri wanaikumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976, wakati maduka ya watu binafsi vijijini yalipofungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Mengi hayakudumu. Bidhaa zilikuwa adimu, ni kweli, lakini mahali pengi hesabu nazo ziliharibika, na wanachama hawakujua kilichoingia wala kilichotoka. Wanunuzi walikuwepo kila siku, na duka likafa wakitazama. Simu haibadili jambo hilo. Yaliharakisha tu, kwa kuwa fedha hupita upesi na bila kuonekana.

Kile chama cha wafugaji nyuki kilianza upya, kwa laini yake, kwa daftari na kwa bahasha kasikini. Baadhi ya wateja wa zamani walirudi, wengine hawakurudi mpaka leo. Muuzaji wa sasa, mwanamke aliyechaguliwa na Bodi, alipokwenda likizo ya uzazi aliikabidhi simu mbele ya Katibu na Mwenyekiti. Hati ya makabidhiano ilitaja simu, laini, salio la akaunti, na maagizo matatu ambayo hayajapelekwa. Namba ya siri ikabadilishwa pale pale. Mchana wa siku hiyo liliingia agizo la katoni mbili. Likajibiwa na mkono mwingine, na mteja hakujua kuwa kuna aliyeondoka.

Ndugu Makatibu, hati za makabidhiano katika vyama vingi bado hutaja funguo, muhuri na vitabu peke yake. Iongezwe mistari miwili: laini ya duka, na namba ya siri. Na kabla ya kurudi kwenye kazi nyingine, kila Katibu ambaye chama chake kinauza kwa simu aulize leo laini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani. Jibu likiwa ni jina la mtu, chama hicho bado hakijafungua duka.