Kuwajulisha Watoto Wadogo Wanyama wa Ulimwengu



Nimetakiwa niseme juu ya namna ya kumjulisha mtoto wa miaka 3 hadi 6 wanyama wa nchi za mbali, na kwa kuwa muda niliopewa si mwingi, rai yangu naitoa mapema: sisi walimu twaanzia mbali mno. Kitabu cha picha kifunguliwapo, aghalabu utawakuta dubu mweupe na pengwini wamesimamishwa juu ya barafu moja kama majirani, ilhali dubu huyo makao yake ni kaskazini kabisa ya dunia na pengwini ni wa upande wa kusini, wala hawajapata kuonana. Mtoto huyakariri majina mawili, mwalimu akaridhika, na maarifa yaliyopatikana yakawa ni ya jina na rangi tu, tena yamechanganyika na uongo.

Na wakati huo huo, uani kwa mtoto yule, yuko kuku, ambaye asili yake ni ndege wa misitu ya Asia ya kusini-mashariki, na jamaa zake wa mwituni mpaka leo huwika huko alfajiri kama awikavyo jogoo wetu. Juu ya mwembe yuko kunguru mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, akazaana na kuenea pwani hata akawa ni bughudha kwa kila mwenye vifaranga. Ajabu ni kuwa Comenius, yule mwalimu wa Moravia aliyetoa kitabu chake cha picha kwa watoto huko Nuremberg mwaka 1658, alifungua masomo yake kwa herufi zilizoambatanishwa na sauti za wanyama, na sauti ya kwanza aliyoichagua ni ya kunguru. Basi mwalimu wa pwani ana nini kinachomzuia asianze na ndege huyo huyo, ambaye hana haja ya kununuliwa na wala hangoji kualikwa?

Walio Unguja wana neema nyingine, nayo ni kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, ambao wazee wao waliletwa kwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Mtoto akichutama mbele ya kobe yule, akamwona anavyolivuta jani la mchicha kwa mdomo usio na jino hata moja, na ngozi ya shingo ikijikunjua taratibu, amekwisha kujua habari nyingi zaidi za mnyama mgeni kuliko atakavyoambiwa na kurasa nyingi.

Sisemi kwamba asichokiona mtoto asifundishwe. Mtoto wa Unguja huihifadhi Suratul-Fiil, yaani Sura ya Ndovu katika Qur'ani, kabla hajamtia ndovu machoni, kwani kisiwa chake hakina ndovu, na sikio lake hupata fungu lake kabla ya jicho. Ninalolitaka ni kwamba mnyama wa mbali aje na kimo chake, chakula chake na makao yake. Picha hudanganya zaidi katika kimo, maana katika karatasi panya na ndovu hupewa nafasi sawa. Nimepata kuona darasa lililotandaziwa uwanjani kamba ya mita 15, ambao ni urefu wa nyangumi wa nundu, yule atokaye bahari ya barafu ya kusini akaja kuzaa katika maji yetu kuanzia mwezi wa Julai hivi. Watoto wakakaa juu ya kamba kwa safu hata wakaisha wote, na kamba ikabaki. Mmoja akauliza kama nyangumi huyo angeweza kuwala wao wote pamoja na mwalimu. Naye mwalimu, pasipo kumcheka, akamwambia kwamba chakula chake ni uduvi na visamaki. Kadhalika kwa udogo: mtoto wa kangaruu wa Australia azaliwapo hatimizi hata gramu 1, basi na mwanafunzi atiwe haragwe kiganjani, kisha aambiwe kwamba kiumbe cha kadiri ile hutambaa chenyewe katika manyoya ya mama yake mpaka kikafika mfukoni.

Yafaa pia mtoto ajue kwamba wanyama wetu nao ni wageni kwa wengine. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, na watu wa baraza lake wakamdhania ni mnyama wa heri asimuliwaye katika hadithi zao za kale.

Nasi tunazo hadithi zetu za wanyama, na juu ya hekaya za sungura na fisi sina ugomvi, ila zisichanganywe na maarifa. Hekaya na imalizike kama hekaya, na habari za fisi wa kweli zianze siku nyingine.

Kwa walio na fedha za kununua vitabu, naomba jambo moja tu. Kabla hawajalipa, na watazame kama kando ya kila mnyama pana mtu, mti au nyumba ya kumpimia. Kisichokuwa na kipimo hicho, hata kiwe na rangi za kupendeza namna gani, na kibaki dukani, na fedha hiyo ikanunue kamba.