Akiba Iliyotawanyika Ikusanywe Kwenye Ukurasa Mmoja

Hotuba kwa wafanyakazi wa kaunti na wakazi katika kikao cha kujiandaa kustaafu



Kikao cha leo kina swali moja. Mtu akistaafu mwezi ujao, ana shilingi ngapi, na ziko wapi? Wengi hujibu kwa kutaja mahali: NSSF kuna kitu, kwenye Sacco kuna kitu, na kule manispaa ya zamani huenda kukawa na kitu. Ni wachache wanaoweza kutaja kiasi.

Chukulia mfano wa karani aliyezaliwa mwaka 1970. Mwaka 1991 aliajiriwa kiwandani, akaandikishwa NSSF. Mwaka 1994 alihamia duka la jumla mjini. Kadi yake ilikuwa imepotea, kwa hivyo akaandikishwa upya na kupewa nambari ya pili. Mwaka 1998 aliingia baraza la manispaa, akawa mwanachama wa mfuko wa pensheni wa serikali za mitaa. Mwaka 2013 ugatuzi ulipoanza, mabaraza yalivunjwa, naye akawa mfanyakazi wa kaunti. Baadaye akaandikishwa katika mfuko mwingine. Atafikisha miaka 60 mwaka 2030. Kufikia hapo atakuwa na akiba ya uzeeni sehemu nne, na hajawahi kuziona zote kwa pamoja.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini wengi waliohudumu katika mabaraza ya zamani watajitambua humo.

Dawa yake ni ukurasa mmoja wa daftari. Juu yake iandikwe tarehe, kisha ukurasa ugawanywe mara mbili: upande mmoja mali, upande wa pili madeni. Kila mstari uwe na mambo matatu: jina la mfuko au taasisi, nambari ya uanachama, na kiasi kilichoko siku hiyo. Nambari ya siri ya simu au ya benki isiandikwe hapo kamwe.

Tumjazie karani huyo, kwa makisio. NSSF, nambari zote mbili, shilingi 190,000. Mfuko wa enzi za manispaa, 760,000. Mfuko wa sasa, 520,000. Akiba ya Sacco 400,000, na hisa za Sacco 20,000. Fungu lake katika chama, 45,000. Shamba la nusu ekari lenye hati miliki, 700,000. Jumla ya mali ni shilingi 2,635,000.

Upande wa madeni kuna mkopo wa Sacco 380,000, wa benki 210,000 na wa simu 5,000. Jumla ni 595,000. Ukitoa madeni kwenye mali, hubaki shilingi 2,040,000. Hiyo ndiyo thamani yake halisi.

Ukurasa huo unamfunza nini? Kwanza, mfuko aliokuwa karibu kuusahau ndio mkubwa kuliko yote. Angeuacha, zaidi ya thuluthi ya jasho lake ingebaki huko. Pili, shamba ni mali, lakini halilipi bili ya hospitali mpaka liuzwe au lilimwe. Tatu, akiba yake ya Sacco imeshikilia mkopo. Akistaafu deni likiwa bado liko, litakatwa kwanza, na zile 400,000 zitabaki 20,000. Hisa nazo hazitolewi kama akiba. Kwa kawaida huuzwa kwa mwanachama mwingine.

Sasa, kiasi hupatikanaje? Salio la NSSF huangaliwa kwa kupiga *303# au kufika katika tawi lao. Mwenye nambari mbili aende na kitambulisho aombe ziunganishwe. Mifuko ya pensheni humpa mwanachama taarifa ya akiba kila mwaka, na ni haki yake kuidai. Kwa upande wa madeni, kila Mkenya anaweza kupata bure, mara moja kwa mwaka, ripoti yake kutoka kwa kampuni za kumbukumbu za mikopo.

Taarifa ikifika, isiwekwe kabatini tu. Ilinganishwe na hati za mshahara, mwezi kwa mwezi. Kukatwa mshahara ni jambo moja, na pesa kufika kwenye mfuko ni jambo jingine. Yako mabaraza ya zamani yaliyovunjwa yakiwa na madeni ya michango, na kaunti pia zimechelewesha malipo. Mfanyakazi akiona mwezi usio na mchango, aandikie ofisi ya wafanyakazi na mfuko wenyewe, abaki na nakala. Asiporidhika, apeleke lalamiko kwa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA. Mwezi uliokosekana ni rahisi kufuatiliwa ungali mpya kuliko baada ya miaka 15.

Anayebadilisha kazi ana uamuzi wa kufanya. Akiba aliyoiacha kwa mwajiri wa zamani inaweza kuhamishwa hadi mfuko mwingine uliosajiliwa, ili hesabu ziwe chache. Kabla ya kuichukua taslimu aulize kodi itakuwa kiasi gani, kwa sababu pesa iliyotoka mapema haiendelei kuzaa faida.

Kuna pia pesa zilizolala. Akaunti za benki zisizoguswa kwa muda mrefu, gawio za hisa na mafao ambayo hayakudaiwa hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali Zisizodaiwa, UFAA. Mwananchi anaweza kutafuta jina lake au la marehemu mzazi wake kwa kupiga *361#. Madai hayatozwi ada. Anayetaka "pesa ya kusukuma faili" ni tapeli.

Wasio na mwajiri wasidhani haya hayawahusu. Mama mboga, mhudumu wa boda boda na fundi wa jua kali wanaweza kuweka akiba ya uzeeni kidogo kidogo. Mpango wa Haba Haba wa NSSF ulianza na shilingi 25 kwa siku, na ule wa Mbao, kama jina linavyosema, shilingi 20. Wengi wao wana vyama viwili au vitatu na akiba kwenye simu. Ukurasa ni ule ule.

Mstari wa mwisho wa kila akaunti ni jina la mnufaika. Karani wetu alimwandika mamake mwaka 1998. Mama alifariki, karani akaolewa, akapata watoto watatu, na fomu haijaguswa hadi leo. Wadhamini wa mfuko hutazama fomu hiyo wanapoamua nani alipwe. Fomu ya zamani huleta ugomvi matangani, na watoto wakakosa karo huku wakubwa wakivutana. Fomu hubadilishwa kwa kujaza nyingine.

Ukurasa ukikamilika, mtu mmoja unayemwamini aelezwe uliko: mke, mume, mtoto mkubwa au dada. Akiba isiyojulikana na yeyote nyumbani ni sawa na iliyopotea, siku mwenyewe akiondoka ghafla.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Jumapili jioni, chukua daftari, andika unachokikumbuka. Palipo na pengo, acha nafasi, Jumatatu upige simu au ufike ofisini. Kila Januari uandikwe ukurasa mpya na ule wa zamani ubaki, ili ionekane kama mwaka umepanda au umeshuka.